Motokari Inapolia Vibaya: Namna ya Kusikiliza Mashini ya Land Cruiser ya Zamani

Ninyi wenye mashamba katika vijiji vya Lualaba na Haut-Katanga, sikilizeni habari hii. Watu wa migodi wanakula mahindi yenu. Kolwezi, Fungurume, Likasi, Kipushi, kote huko wananunua unga, mihogo, maharagwe na makala. Lakini gunia la mahindi halina miguu. Mtu akivuna magunia 40 na hana njia ya kuyafikisha sokoni, mnunuzi atakuja na kamyo yake mwenyewe, naye atataja bei anayoitaka yeye. Ndiyo sababu katika vijiji vingi watu wamechanga feza wakanunua motokari moja ya zamani, ile yenye kuvuta kwa magurudumu manne. Mara nyingi ni Toyota Land Cruiser iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi mikononi mwa wengine.

Basi siku moja asubuhi shofere anawasha mashini, na kuna mlio ambao jana haukuwako. Watu wanakusanyika. Mmoja anasema: ni biele. Mwingine anasema: hapana, ni supape. Wa tatu anasema: mliweka mazutu mabaya. Hapo ndipo feza za kijiji hupotea, nazo hupotea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuogopa bure. Njia ya pili ni kutokuogopa pale inapofaa kuogopa.

Mimi nimeziona zote mbili. Katika kijiji kimoja upande wa barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, mashini ilikuwa ikipiga tak-tak-tak kila asubuhi. Fundi mmoja aliitwa. Akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa, akasema mashini imekufa, lakini kwa huruma yake atainunua motokari kwa bei ya chuma. Wazee walikuwa karibu kukubali. Kumbe nati mbili tu za bomba la moshi zilikuwa zimelegea. Katika kijiji cha pili mashini iligonga kwa sauti nzito, na taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Shofere akasema: soko liko karibu, tutafika. Hakufika. Biele ilivunjika ikatoboa ubavu wa mashini, na mahindi yakalala njiani katika mvua siku tatu.

Ninyi si mafundi, wala karatasi hii haitawafanya mafundi. Lakini mtu mwenye masikio anaweza kujua kama afunge safari au asimame. Ni kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake kabla ya kumpeleka kwa munganga.

Mashini yenyewe

Land Cruiser za namna hii zinazoitwa za 70 zilianza kutengenezwa Japani mwaka 1984. Tangu 1990 nyingi zilipewa mashini yenye jina 1HZ. Ina silinda 6, ukubwa wake litri 4.2, inakunywa mazutu, haina turbo. Haya nitakayosema yanaifaa hiyo, na mengi yanazifaa mashini nyingine za mazutu pia.

Jueni kwanza ya kuwa mashini ya mazutu inagonga kwa tabia yake. Haina moto wa bujii kama mashini ya esanse. Inakamata hewa, inaibana mpaka inakuwa ndogo zaidi ya mara 20, na hewa iliyobanwa hivyo inakuwa ya moto sana. Kisha mazutu yananyunyizwa ndani yake, nayo yanawaka mara moja. Kule kuwaka kwa ghafula ndiko kunakopiga kelele. Asubuhi ya mwezi wa sita au wa saba, baridi ya Katanga ikiwa kali, mashini itagonga zaidi kwa dakika chache kisha itatulia. Huo si ugonjwa. Ikiwa asubuhi inatikisika na kutoa moshi mweupe, kisha inapona ikipata moto, huenda bujii moja ya kupasha imekufa. Hilo linaweza kungoja mpaka soko lipite.

Basi anayetaka kujua mlio mgeni, ajue kwanza mlio wa kila siku. Shofere afungue kifuniko cha mashini mara kwa mara wakati motokari ni nzima, asimame asikilize. Shofere asiyejua sauti ya mashini nzima atajuaje sauti ya mashini inayougua?

Mafuta kabla ya masikio

Mlio mgeni ukitokea, zimeni mashini. Usiipandishe ili watu wasikie vizuri, maana hivyo ndivyo watu wanavyoua mashini wakati wa kuitafutia dawa. Iacheni dakika 10 pahali palipo sawa, si mlimani. Kisha toeni kijiti cha kupimia mafuta, kipanguseni kwa kitambaa safi, kirudisheni, kitoeni tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Yakiwa chini ya alama ya chini, ongezeni, kisha washeni. Mara nyingine mlio huisha hapo hapo, na kazi inayobaki ni kutafuta mafuta yamekwenda wapi.

Tazameni pia rangi. Mafuta ya mashini ya mazutu huwa meusi upesi, hiyo si kitu. Lakini yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani: msiwashe. Sugueni tone moja kati ya vidole viwili juani. Mkiona vitu vinavyometameta kama unga wa shaba au wa feza, chuma kinasagika ndani. Msiwashe tena mpaka fundi aje.

Mlio wafuata mashini au wafuata magurudumu?

Hili ndilo swali la kwanza la fundi wa kweli, na kulijibu hakugharimu hata franka moja. Simamisha motokari, funga breki ya mkono, toa vitesi, pandisha mashini polepole. Ukisikia mlio ule ule, ugonjwa uko katika mashini au katika vitu vinavyozungushwa nayo. Usipousikia, na ukija tu motokari ikitembea, acha mashini. Ugonjwa uko chini: kardani, ponti, rulema za magurudumu.

Motokari ikiwa imesimama na mashini inalia, kanyaga pedali ya ambriyaji mpaka chini. Mlio ukinyamaza ukikanyaga, na kurudi ukiachia, mara nyingi ni rulema ndani ya sanduku la vitesi. Ukianza ukikanyaga, na kunyamaza ukiachia, ni ile rulema inayosukuma ambriyaji. Watu wengi wamefungua mashini nzima kwa sababu ya rulema hii moja.

Motokari ya magurudumu manne ina jambo jingine la kwake. Katika nyingi za zamani, kwenye kitovu cha kila gurudumu la mbele kuna kifungo cha kuzungusha kwa mkono. Kikifungwa, kardani ya mbele inazunguka hata kama huvuti kwa magurudumu manne. Ukisikia mlio wa ngurungu-ngurungu unaoongezeka kwa mwendo, simama, rudisha kijiti cha magurudumu manne pahali pa mawili, fungulia vitovu vyote viwili, tembea tena mwendo ule ule. Mlio ukiisha, ugonjwa uko katika kardani ya mbele au ponti ya mbele. Motokari inaweza kupeleka mahindi yenu kwa magurudumu ya nyuma, kama njia ni kavu. Tazameni tu kama kardani hiyo haijalegea, isije ikaanguka njiani.

Kusikiliza kwa mti

Ukijua ya kuwa mlio ni wa mashini, tafuta pahali pake. Twaa turnavisi ndefu, au mti mkavu mnyofu wa urefu wa mkono. Weka ncha moja juu ya chuma, na ncha ya pili ubavuni mwa sikio. Utashangaa. Sauti iliyokuwa imejaa pote itatoka pahali pamoja. Sikiliza juu, kwenye kifuniko cha supape, sikiliza ubavuni, sikiliza chini kwenye sahani ya mafuta, sikiliza alternateri na pompu ya maji.

Lakini kabla ya kuinama juu ya mashini inayozunguka, vua kitambaa cha shingo, kunja mikono ya shati, na mama mwenye kitenge akae mbali. Ventilateri haioni mkono wa nani. Watoto wasimame hatua 10 nyuma, na mtu mmoja awe na kazi ya kuwachunga tu.

Sauti ya kulia kama mtoto wa nguruwe, hasa asubuhi au baada ya kupita maji, ni ya kuruwa ya mbele. Mwagia kuruwa maji kidogo sana kwa kikombe, kutoka mbali: sauti ikibadilika mara moja, umepata. Ikazwe au ibadilishwe. Sauti ya kusaga, kama jiwe juu ya jiwe, ni ya rulema ya alternateri au ya pompu ya maji. Zima mashini, toa kuruwa, washa kwa dakika moja tu. Sauti ikiwa imekwenda, ilikuwa huko. Usizidishe dakika hiyo, kwa sababu maji ya radiateri hayatembei. Pompu ya maji inayosaga haingoji soko.

Tak-tak nyepesi

Sauti nyepesi na ya upesi, kama mashini ya kushona ya fundi wa nguo, inayotoka juu, huwa ni supape. Supape ni milango midogo ya kupitisha hewa na moshi. Kati ya supape na kinachoisukuma kuna nafasi ndogo, nyembamba kuliko ukucha. Nafasi ikizidi, inagonga. Katika 1HZ nafasi hiyo inarekebishwa kwa visahani vidogo vya chuma vya unene mbalimbali, wala si kwa skrubu. Kwa hiyo msikubali mtu aje na turnavisi aseme atakaza supape. Si kazi ya chini ya mwembe. Lakini sauti hiyo haiui mashini kesho, mna nafasi ya kumaliza mavuno kwanza.

Ndugu yake, anayemfanana sana, ni bomba la moshi linalovuja pale linapoungana na mashini. Huyu ndiye aliyetaka kula motokari ya kijiji kile cha kwanza. Hupiga tak-tak au chuf-chuf, kwa nguvu wakati wa baridi na wakati wa kupanda mlima, kisha hupungua chuma kikipata moto na kupanuka. Tazama kama kuna alama nyeusi ya masizi kwenye maungo ya bomba. Mashini ikiwa baridi kabisa, jaribu nati kwa kle. Zilizolegea zikazwe kidogo kidogo, kwa zamu, bila kutumia nguvu za hasira, maana msumari wake ukikatika ndani utalipa mara kumi. Kama joini yake imeungua, mpya si ghali.

Mgongo mkali wa silinda moja

Mara nyingine mashini inagonga kama nyundo juu ya reli, kwa nguvu na kwa ukali, na moshi mweusi unatoka. Fikirini kwanza mazutu. Mlinunua wapi? Mazutu ya bidoni njiani mara nyingine yamechanganywa. Esanse ikiingia ndani yake, mazutu huchelewa kuwaka kisha huwaka kwa kishindo. Petroli ya taa inapunguza utelezi, na pompu ya kunyunyiza inalainishwa na mazutu yenyewe, kwa hiyo inakula chuma chake. Jazeni chupa nyeupe, iacheni usiku mzima. Maji yatakaa chini na mazutu juu, na mtaona mpaka wake. Chini ya filtri ya mazutu kuna pahali pa kutolea maji, patoeni. Lakini chupa haionyeshi esanse. Hiyo pua yaweza kuisikia, si jicho.

Mazutu yakiwa mema na mgongo ukabaki, pengine injekteri moja imeharibika, inamwaga badala ya kunyunyiza. Fundi anaijua hivi: mashini ikizunguka polepole, analegeza kidogo nati ya mrija wa injekteri moja, kisha anaikaza, anaendelea kwa ya pili, mpaka zote 6. Silinda nzima ikilegezwa, mashini inayumba. Ikilegezwa ile mgonjwa, mgongo unapungua au unakwisha. Ikilegezwa na hakuna kilichobadilika hata kidogo, silinda ile ilikuwa imelala tangu mwanzo.

Ninawaambia mjue fundi anafanya nini, si ili mfanye wenyewe. Mazutu katika mrija ule yana nguvu ya kupenya ngozi. Fundi hufunika nati kwa kitambaa kinene, huweka uso mbali, wala hakuna sigara wala moto karibu. Mtu akichomwa na mazutu hayo, hata tundu likiwa dogo kama la sindano na halitoki damu, apelekwe hospitali siku ile ile. Ndani ya nyama yanaoza mkono wote. Msingoje uvimbe.

Mchi ndani ya kinu

Sasa tumefika kwenye sauti ya kuogopa. Ni nzito, ya chini, kama mchi wa mama katika kinu: du, du, du. Inatoka chini ya mashini, karibu na sahani ya mafuta. Inasikika sana ukiipandisha mashini kidogo kisha ukaachia, au ikivuta mzigo. Ndani kuna biele zinazoshika pistoni, na kati ya biele na mhimili mkubwa kuna kusineti, visahani laini vinavyoelea juu ya mafuta. Mafuta yakipungua au yakizeeka, kusineti zinaliwa, nafasi inakuwa kubwa, na chuma kinapiga chuma.

Mtaitofautisha namna gani na sauti nyingine za kugonga? Kwa moto. Kumbukeni neno hili moja hata mkisahau mengine yote. Bomba linalovuja, bujii ya kupasha iliyokufa, na pistoni iliyolegea kidogo kwa uzee hupiga kelele wakati wa baridi na kunyamaza wakati wa moto. Kusineti ni kinyume. Asubuhi mafuta ni mazito, yanajaza nafasi, na mashini inaweza kunyamaza. Ikipata moto mafuta yanakuwa mepesi kama maji, na mchi unaanza kutwanga. Kwa hiyo shofere akisema: asubuhi ilikuwa njema, ilianza kugonga baada ya mwendo wa saa moja, na sasa inazidi, msimwambie aimalizie safari.

Zimeni hapo hapo. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka wakati mashini inazunguka, zimeni hata kama hamsikii kitu. Msiwashe tena hata mara moja ili kumwonyesha mtu. Kusineti zikigunduliwa mapema, pengine fundi atabadilisha hizo tu, na mhimili ukiwa haukukwaruzwa utabaki. Mkiendelea kilometa 10, mhimili utachongwa au utatupwa. Mkiendelea zaidi, yatakuwa kama ya kijiji kile cha pili. Afadhali mlipe kamyo ya mtu mwingine ichukue magunia, hata kama bei yake inauma.

Mkiivuta motokari kwa kamba, vitesi vitolewe, na anayeshika volani awe mtu mzima mwenye nguvu. Mashini ikiwa imezimwa, breki inakuwa ngumu sana na volani inakuwa nzito. Mwendo uwe wa mtu anayekimbia, si zaidi.

Kuruwa isiyolia

Kuna hatari moja isiyopiga kelele kwanza. Mbele ya 1HZ, ndani ya kifuniko, kuna kuruwa yenye meno inayozungusha mhimili wa supape. Ikikatika, supape zinakutana na pistoni, na mashini inaharibika kwa dakika moja. Katika nyingi za Land Cruiser hizi kuna taa yenye maandishi T-BELT, nayo huwaka motokari ikitimiza kilometa 100,000. Lakini taa inaweza kuzimwa na mwenye motokari wa zamani bila kubadilisha kitu, na hesabu ya kilometa katika motokari ya kununuliwa pengine si ya kweli. Kama hakuna karatasi inayoonyesha ilibadilishwa lini, ihesabuni kama haikubadilishwa. Ibadilisheni kabla ya mavuno ya mwezi wa nne, wakati motokari haina kazi nyingi, na andikeni kilometa za siku ile kwa rangi ndani ya kifuniko cha mashini.

Mtakapomwita fundi, kapita wa motokari awe ameandika mambo haya katika daftari: mlio ulianza siku gani, wakati wa baridi au wa moto, motokari ikisimama au ikitembea, na mzigo au bila mzigo, mafuta yalikuwa alama gani, mazutu yalinunuliwa wapi. Fundi mwema atafurahi kusoma. Vyuma vyote atakavyovitoa vibaki mikononi mwenu, mviweke katika sanduku, hata vile asemavyo havifai kitu.